Kodi, Bei na Chombo Kilichochukuliwa

Katika vijiwe vya bodaboda vya Dar es Salaam pana maneno mawili ambayo hayana budi kutofautishwa kabla ya kuhukumu lolote: hesabu na mkataba. Aendeshaye kwa hesabu humpelekea tajiri kiasi walichoafikiana, na pikipiki hubaki kuwa ya tajiri daima. Aendeshaye kwa mkataba hupeleka zaidi, kwa ahadi kwamba baada ya mwaka mmoja au kupita, kadi ya chombo itakuwa yake. (Neno tajiri lisitudanganye. Huenda akawa mwalimu mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake chote katika pikipiki moja.)

Mushkili huzuka malipo yanapokatika. Dereva ameugua, au masika yamemweka ndani, au fedha amezila. Siku tatu, wiki, kisha tajiri huja na ufunguo wa pili na kuondoka na chombo. Akiulizwa hujibu kwamba mkataba umevunjika, chombo ni chake, na alichopokea kilikuwa kodi ya siku zilizotumika.

Hapo ndipo neno linapogeuzwa. Tuchukulie kuwa hesabu ni shilingi 7,000 kwa siku na mkataba ni 10,000. Zile 7,000 ni kodi, wala hapana wa kubisha. Je, 3,000 zilizozidi ni nini? Zilipokuwa zikipokelewa ziliitwa bei, na ni kwa jina hilo dereva alikubali kuzitoa. Kwa siku 300 zimefika 900,000. Siku ya kunyang’anya zinapewa jina jingine, nazo zinaitwa kodi, ilhali kodi ilikwisha kulipwa. Kwa maoni yangu, zile 900,000 ni akiba ya mtu iliyokuwa mkononi mwa mtu mwingine, na kuvunjika kwa mkataba hakuibadilishi.

Waingereza waliupitia mtihani huu. Kabla ya 1938 walikuwapo wauzaji waliongoja mnunuzi akaribie kumaliza, wakamshika kwa malipo machache yaliyochelewa, wakachukua mali na kuiuza tena. Mbunge Ellen Wilkinson alipeleka mswada uliopitishwa kuwa sheria mwaka huo: mkodi akisha kulipa thuluthi ya bei, mwenye mali asiichukue bila ya mahakama. Kenya, kwa sheria yake ya 1968, iliuweka mpaka huo kwenye thuluthi mbili. Ni kinga njema, lakini yahusu mlango wa kupitia tu. Haisemi zile 3,000 ni za nani, na aliyepungukiwa na malipo ya siku moja kufikia mpaka hana kinga hiyo.

Mwaka 2000, huko Riyadh, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikataa kukodisha na kuuza kitu kimoja kukusanywe kwa wakati mmoja, likaruhusu njia ambazo ukodishaji ni wa kweli na uuzaji una mkataba wake peke yake. Wengi husoma humo halali na haramu tu. Mimi, niliyezoea kupima maneno, nasoma pia onyo la lugha: mapatano yenye majina mawili humpa mwenye nguvu nafasi ya kuchagua jina siku ya ugomvi.

Tajiri naye asidhulumiwe. Pikipiki iliyokwenda siku 300 si ile iliyotoka dukani. Cheni imelegea, tairi zimeisha, pengine injini inavuta moshi. Na akate kodi ya siku zisizolipwa, akate matengenezo ya uharibifu uliopita kiasi, akate na nauli za kukitafuta chombo. Dereva aliyekificha au kukiuza vipuri ni mwizi, na mambo yake ni ya polisi. Baada ya makato hayo, kinachobaki kirejeshwe.

Siku hizi baadhi ya wakodishaji hufunga kifaa cha kufuatilia, na injini huweza kuzimwa kutoka mbali. Zamani tajiri alilazimika kufika mwenyewe. Alimkuta mtu amelala na homa, akapewa kiti, akasikia maneno, na pengine akaondoka ametoa muhula ambao hakukusudia kuutoa. Aya ya 280 ya Sura al-Baqara humtaka mwenye kudai amngoje mdeni aliye katika dhiki. Lakini dhiki hiyo atajuaje anayezima injini kwa kubonyeza simu?

Kinachohitajika ni mstari mmoja katika ile karatasi ya mkataba: kiasi gani cha malipo ya kila siku ni kodi, na kiasi gani ni bei. Tajiri akikataa kuuandika, dereva na aendeshe kwa hesabu, na zile 3,000 aziweke mwenyewe, ingawa naelewa jinsi zinavyokaa kwa taabu katika nyumba yenye watoto watano.