Ni Nani Mdhamini wa Kosa la Mashine?



Mwezi wa Novemba 2022 mtu mmoja wa Canada alifiwa na bibi yake. Akataka kusafiri, akauliza katika mtandao wa shirika la ndege la Air Canada habari za nauli nafuu ya waliofiwa. Aliyemjibu hakuwa karani bali mashine ya akili mnemba. Ikamwambia akate tiketi, kisha aombe kurudishiwa sehemu ya fedha zake ndani ya siku 90. Akasadiki, akasafiri. Alipoomba haki yake, akaambiwa jawabu lile lilikuwa la makosa.

Akashitaki. Sasa sikiliza utetezi wa shirika: kwa maana ya maneno yao, mashine ile ni kitu mbali, chajitegemea, na chenyewe ndicho cha kuulizwa! Niliposoma haya nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mashine ina mfuko gani? Ukiitoza haina senti, ukiifunga haioni dhiki. Kumwambia aliyepata hasara akaidai mashine ni kumwambia asidai kabisa. Februari 2024 baraza la hukumu la British Columbia likaikataa hoja hiyo, likaamuru shirika lilipe dola 812 za Canada, zikiwamo riba na gharama.

Kwetu sisi jambo hili si geni. Mnyama hahukumiwi. Lakini mwenye mbuzi aliowaacha usiku wakatoka, wakala shamba la mtu, yeye ndiye mdhamini. Utasema: mashine hizi hata aliyezitengeneza hajui zitajibu nini. Na mbuzi je? Kutojua huko ndiko kunakomlazimu mwenyewe kufunga zizi. Na aliyeitia mashine kazini apunguze mishahara ya makarani, vipi faida iwe yake na hasara iwe ya mteja?

Lakini kinachonitia khofu zaidi ni lawama kumshukia mnyonge. Machi 2018, katika mji wa Tempe, Arizona, gari la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku, akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walieleza kuwa mitambo ilimwona sekunde 5.6 kabla, ikawa yabadili mawazo: mara ni gari, mara kitu kingine, mara baiskeli. Haikutengenezwa kumfikiria mtu avukaye pasipo na kivuko. Na breki ya dharura aliyoitia mtengenezaji wa gari ilikuwa imezimwa.

Ndani alikaa mwajiriwa wa kuliangalia gari, naye alikuwa akitazama simu. Hilo ni kosa, sitamtetea. Lakini Uber ilipatana na jamaa za marehemu, na mwaka 2019 mwendesha mashitaka akasema haoni msingi wa kuishitaki kwa jinai. Aliyeshitakiwa ni yule mwajiriwa. Mwaka 2023 akakiri kosa, akapewa miaka 3 ya kuwa chini ya uangalizi. Walioamua breki izimwe hawakusimama kizimbani.

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayohesabu programu za kompyuta kuwa bidhaa, atakayedhuriwa apate kumdai aliyeitengeneza. Ni hatua njema. Nawe, msomaji, ununuapo tiketi kwa simu, kumbuka kwamba yule bwana wa Canada alikwenda barazani na picha ya mazungumzo yake na ile mashine, neno kwa neno. Alikuwa ameihifadhi.