Pesa Inatoka Mfukoni mwa Nani?

Vijana wengi hapa kambini wanajua bei ya bitcoin ya leo kuliko tarehe ya rasheni. Siwacheki. Kwa mtu asiyeweza kutoka bila kibali, kazi inayopita kwenye simu ni kazi kweli.

Mfano wao ni Vitalik Buterin: alizaliwa Urusi mwaka 1994, akahamia Kanada na wazazi akiwa na miaka sita. (Alihama, hakukimbia, hiyo nayo tuihesabu.) Mwaka 2011, bado yuko sekondari, alikuwa anaandika makala kuhusu bitcoin, kila moja analipwa kama bitcoin 5. Ethereum ikaanza 2015.

Sawa, lakini yeye alilipwa kwa kueleza. Hapa kwetu nasikia kazi ni "kuleta watu": mama wa bloku ya pili atoe akiba ya kikundi, wewe upate asilimia yako. Utasema ni mtu mzima, ameamua mwenyewe. Ameamua kwa kumwamini nani? Bitcoin haijui; anakujua wewe, mtoto wa jirani. Ulichouza ni ujirani, na huo si wako peke yako.

Teknolojia yenyewe siigombezi. Kule Jordan, kambi ya Azraq, mwaka 2017 WFP ilianza kuandika malipo ya chakula kwenye blokcheni. Wasyria walilipa dukani kwa kuangalia kamera inayosoma jicho. Nyuma ya kamera ile kuna watu wa programu na wakaguzi wa hesabu, kazi za kusomea miaka.

Kwa hiyo kijana akija kuniuliza, mimi namuuliza: mwezi ukikosa wa kumleta, utakuwa unajua kufanya nini?