Deni la Mtoaji

Je, mtu atoaye kitu bure ana deni kwa waliokipokea? Aliyempa jirani embe alikuwa amemaliza. Jirani alikula, akashukuru, mambo yakaisha. Lakini ziko zawadi zisizokwisha kutolewa. Aliyechimba kisima uani kwake na kuuacha mtaa mzima uteke miaka kumi, hawezi kukifukia usiku mmoja kwa hoja kwamba hakumtoza mtu senti. Programu huria ni kisima cha namna hiyo.

Chukua mfano wa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little. Hutolewa bure, na leseni yake yasema wazi kwamba haina dhamana. Juu yake hupachikwa maelfu ya programu za nyongeza: hii ya duka, ile ya picha, nyingine ya fomu. Mtunzi wa nyongeza aghalabu ni mtu mmoja, aifanyaye kazi hiyo usiku baada ya kibarua cha mchana. Wahenga walinena kwamba wema hauozi. Bahati mbaya programu huoza, kwa kuwa lugha ya kompyuta iliyoandikiwa, PHP, haiachi kukua. Mtunzi akitumia maneno mapya ya lugha hiyo, seva ya zamani haiyaelewi, na tovuti ya watu yaweza kuzimika papo hapo.

Wako wasemao kwamba leseni imekwisha jibu. Hilo ni jawabu la sheria, si la utu. Mwalimu atunzaye tovuti ya shule hakuichagua seva yake, wala pengine hajapata kusikia jina la PHP. Kumwadhibu kwa uzembe wa kampuni iliyompangisha nafasi ni kumpiga asiyekosa.

Hata hivyo huruma nayo ina bei, na alipaye si yule ahurumiwaye peke yake. Matengenezo ya PHP 5.2 yalikoma Januari 2011. Julai mwaka huohuo WordPress ilitangaza toleo hilohilo kuwa kiwango chake cha chini, ikashikamana nalo hadi Mei 2019. Kwa miaka karibu minane, mtunzi aliyetaka nyongeza yake ifanye kazi kila mahali hakuweza kutumia hata njia ya kutenga majina, iliyoingia katika PHP 5.3 mwaka 2009 ili majina ya programu moja yasigongane na ya nyingine. Ilimlazimu kutanguliza alama ndefu mbele ya kila jina. Hilo ni usumbufu tu. Baya zaidi ni kwamba wenye seva, walipoona vya kale vingali vikienda, hawakuwa na sababu ya kubadili, na mwalimu yule yule aliyehurumiwa aliachwa alale katika nyumba isiyo na komeo.

Basi deni la mtoaji si kuubeba ukale milele. Mwendo wa mwaka 2019 waonyesha mipaka yake vizuri kuliko hoja nyingi. Kwanza, mwezi Februari, toleo la 5.1 lilianza kuwaonya wenye tovuti kwamba PHP yao imechakaa. Kisha Mei, toleo la 5.2 likapandisha kiwango hadi PHP 5.6.20. Tovuti zisizofikia hapo hazikuvunjwa. Hazikupewa toleo jipya tu, zikabaki na 5.1 na kuendelea kupata marekebisho ya usalama. Kumwacha mtu nyuma kituoni ni jambo moja, kumsukuma nje ya gari liendalo ni jambo jingine. Na hata ulinzi huo una mwisho: Desemba 2022 ulikomeshwa kwa matoleo ya 3.7 hadi 4.0, nalo la 3.7 lilikuwa la mwaka 2013. Tangazo lilitangulia.

Mtunzi wa peke yake hana kikosi cha usalama. Ana jioni zake tu, na hizo watoto wake nao wanazidai. Hapaswi kudaiwa miaka tisa. Lakini kutaja katika maelezo ya nyongeza yake PHP inayohitajika hakumgharimu zaidi ya mstari mmoja, na mstari huo huizuia WordPress kuipa seva ya zamani kitu itakachoshindwa kukibeba. Asiye na nafasi hata ya hilo aseme kwamba anaiacha kazi: orodha rasmi ya nyongeza ina alama maalumu ya kuwajulisha watunzi wengine kwamba nyongeza fulani yatafuta mlezi.