Swali Ambalo Mnunuzi Haulizi

Ukinunua kitu kihalali, kwa pesa yako mwenyewe, kutoka kwa mtu mwenye haki ya kukiuza, kuna kitu bado unadaiwa? Wengi wetu tutajibu haraka: zii, hakuna. Nimelipa, nimepewa risiti, imeisha hiyo. Na kwa vitu vingi jibu hilo linatosha. Lakini kuna vitu ambavyo risiti haivimalizi, na nyumba ya zamani ni kimojawapo.

Nitatumia mfano wa mbali. Tangu nitoke chuo bila cheti, sehemu ya unga wangu hutokana na kuandika makala za tovuti za watu wa nje, na kuna mada moja hairuhusiwi kupoa: jinsi ya kununua nyumba ya Victorian. Yaani nyumba iliyojengwa enzi za Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901. Cha kuchekesha ni kwamba Wamarekani huziita hivyo hata nyumba zao, ingawa malkia hakuwa wao. Zinazojulikana zaidi ziko San Francisco: za mbao, ndefu, nyembamba, madirisha yamechomoza mbele, nakshi kila kona, rangi tatu nne kwenye ukuta mmoja. Ukishaona picha za Alamo Square, unazijua.

Mwongozo wa mnunuzi una orodha yake. Kagua msingi. Kagua paa. Angalia nyaya za umeme, kwa sababu huenda zina umri wa babu yako. Tafuta mchwa. Zaidi ya yote, uliza kuhusu rangi. Rangi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole, kimyakimya. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978. Sheria ya mwaka 1992 ikaongeza kwamba anayeuza nyumba iliyojengwa kabla ya hapo lazima amweleze mnunuzi anachojua kuhusu rangi hiyo.

California wana sheria nyingine inayonivutia hata zaidi. Kama mtu alifia ndani ya nyumba zaidi ya miaka 3 iliyopita, muuzaji halazimiki kukwambia. Anaweza kunyamaza tu. Lakini ukimuuliza moja kwa moja, haruhusiwi kukudanganya.

Kwa hivyo sheria inajua kuhusu risasi, na inajua kuhusu maiti. Kitu ambacho hakuna fomu inayokiuliza ni hiki: waliokuwa wakiishi hapa kabla, walitokaje?

San Francisco, hilo si swali la mapambo. Tetemeko na moto wa mwaka 1906 viliteketeza sehemu kubwa ya jiji, ila mtaa wa Western Addition, uliojaa nyumba za Victorian, ulinusurika. Familia nyingi za Wajapani zikahamia huko, wakafungua maduka, hoteli na makanisa. Februari 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, Rais Roosevelt alitia saini amri iliyofanya watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani wahamishwe kutoka pwani ya magharibi na kufungiwa kambini. Wengi wao walikuwa raia. Walipewa muda mfupi wa kufungasha. Hebu fikiria bei ya friji yako kama mnunuzi anajua kesho haupo.

Vyumba vilivyobaki wazi vikajaa watu weusi waliotoka kusini kutafuta kazi kwenye viwanda vya meli. Mtaa wa Fillmore ukawa kitovu cha jazz. Kisha, kuanzia miaka ya 1950, serikali ya jiji ikatangaza kwamba eneo hilo limechakaa na lazima lijengwe upya. Tingatinga zikaingia. Maelfu ya watu wakaondolewa, na nyumba nyingi sana za Victorian zikabomolewa. Mwaka 1963 mwandishi James Baldwin alisema bila kupepesa macho kwamba huko kufufua miji maana yake ni kuwafurusha weusi.

Kuna nyumba moja ambayo imebeba hadithi hii yote mgongoni. Ilikuwa barabara ya Post. Kabla ya vita ilikuwa na duka la dawa la Wajapani. Baada ya wenyewe kupelekwa kambini, na watu weusi kuhamia mtaani, ikawa na klabu ya jazz iliyoitwa Jimbo's Bop City, ambapo wanamuziki walipiga hadi alfajiri. Mtaa ulipobomolewa, nyumba yenyewe iliokolewa: iling'olewa nzima, ikasafirishwa hadi barabara ya Fillmore. Huko ikawa makao ya Marcus Books, duka la vitabu vya watu weusi lililopewa jina la Marcus Garvey, na likakaa hapo zaidi ya miaka 30. Mwaka 2013 jengo likauzwa kwenye kesi ya kufilisika. Mwaka 2014 jiji likalitangaza kuwa jengo la urithi, na mwaka huohuo duka la vitabu likatolewa.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena. Mbao zimelindwa na sheria. Watu waliozifanya mbao hizo ziwe urithi wako nje.

Sasa, kuna upande wa pili, na tuutendee haki. Chukua vijana wawili wa leo, mume na mke, waliojinyima miaka kumi, wakachukua mkopo wa nyumba wa miaka 30, wakanunua nyumba ya Victorian hapo Fillmore. Wao hawakusaini amri ya 1942. Hawakuendesha tingatinga. Pengine hata wazazi wao hawakuwa wamezaliwa. Kwa haki gani unawafuata na historia? Mtoto habebi kosa la babu, na mnunuzi habebi kosa la muuzaji wa tano nyuma yake. Isitoshe, ukianza kurudi nyuma utasimama wapi? Kabla ya Wajapani walikuwepo wengine, na kabla ya jiji lote kulikuwa na Waohlone, ambao ardhi yao ilichukuliwa bila hata hiyo karatasi ya mauziano. Kwa hesabu hiyo hakuna mtu duniani angelala kwake kwa amani.

Hoja hiyo ni nzito, na nusu yake naikubali. Hatia hairithiwi. Anayesema hao vijana wana hatia anakosea, na pia anawapa njia rahisi ya kutoroka, kwa sababu ni rahisi kujitetea dhidi ya kosa ambalo hukulifanya.

Lakini rudi kwa ile rangi. Vijana hao hawakupaka risasi ukutani. Aliyeipaka alishakufa zamani, na siku hizo wengi hawakujua madhara yake. Hakuna anayewalaumu. Hata hivyo, wakishajua ipo, na rangi inabanduka, na mtoto anatambaa sakafuni akitia vidole mdomoni, je, wanaweza kusema "si sisi tuliopaka"? Ni kweli si wao. Na haisaidii chochote. Tangu siku walipojua, rangi ni yao. Wangempangishia mtu mwingine nyumba hiyo wakamficha, hapo sasa wangekuwa na kosa lao wenyewe, jipya kabisa.

Huo ndio utofauti ninaotaka tuushike. Hatia inatokana na ulichofanya. Dhima inatokana na unachokishikilia. Ya kwanza haihamishiki kwa mauzo, ya pili huja pamoja na funguo. Tunalikubali hili bila ubishi likija kama risasi, mchwa au msingi uliopasuka. Tunalikataa tu likija kama watu.

Na je, dhima hiyo inadai nini? Si kwamba warudishe nyumba kesho asubuhi. Nadhani inadai mambo matatu, na yote yanawezekana. Kwanza, uliza. Kutojua ni udhaifu wa kibinadamu, lakini kutouliza ukijua jibu litakuharibia raha ni uamuzi. Pili, usidanganye. Usiuze nyumba hiyo baadaye kwa tangazo la "mtaa wenye historia tamu ya jazz" bila kusema wapigaji walienda wapi. Ukiiweka historia kwenye bei, umekubali kwamba ni sehemu ya mali. Huwezi kuchukua faida yake ukakataa deni lake. Tatu, usizibe njia ya malipo. Jiji la San Francisco liliwapa waliofurushwa vyeti vya kuwapa kipaumbele cha makazi, na miaka ya karibuni sheria imewafungulia mlango wazao wao pia. Siku nyumba za bei nafuu zinapopangwa kujengwa kwa ajili ya watu kama hao, kando ya nyumba yako nzuri, usiwe wa kwanza kwenda mkutanoni kulia kwamba zitaharibu mandhari.

Kuhusu swali la tutasimama wapi: si lazima ujue mwisho wa barabara ndio upige hatua ya kwanza. Kuna madeni ambayo waliodai wamekufa na wazao wao hawajulikani. Hayo ni ya kukumbukwa tu. Lakini waliofurushwa Fillmore, baadhi yao bado wako hai. Wana majina na nambari za simu. Deni ambalo mwenyewe anaweza kupokea simu halijawa historia bado.

Unaweza kusema hayo ni ya Wamarekani. Basi kumbuka kwamba wazo la mnunuzi mwenye nia njema, yule aliyelipa bila kujua kasoro, tulilirithi na sisi, pamoja na sheria ya Kiingereza. Na Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ililipima katika kesi ya kiwanja cha ufukweni Nyali, Mombasa. Kampuni moja ilikuwa imekinunua na hatimiliki ilikuwa nayo. Lakini kiwanja kilikuwa ardhi ya umma, na kilipotolewa mara ya kwanza, mwaka 1989, utaratibu haukufuatwa. Majaji wakasema hatimiliki peke yake haitoshi. Kama mzizi umeoza, aliyenunua tawi hawezi kujificha nyuma ya nia njema.

Mahakama ilikuwa kali kuliko mimi. Ilisema unaweza hata kupoteza. Lakini swali lake ni lilelile: ulitazama nyuma ya karatasi?

Naliuliza kwa sababu kizazi chetu ndicho kinachotafuta sasa. Kila chama, kila sacco, kila kundi la WhatsApp kuna mtu anauza ploti ya hamsini kwa mia, bei poa, lami iko karibu. Tunafundishwa kufanya search, kuthibitisha mipaka, kumlipa wakili. Ni ushauri mzuri. Lakini search hukwambia jina la mwenye ardhi, haikwambii jina la aliyeamshwa usiku akaambiwa ahame. Jirani anayeuza mboga mita 100 kutoka hapo mara nyingi anajua kuliko rejista.

Sisemi usinunue. Binadamu lazima akae mahali, na karibu kila mahali palikuwa pa mtu. Nasema kabla ya kutuma deposit, muulize anayeuza, na ukitoka hapo muulize yule mama wa mboga: kabla yako alikuwa nani hapa, na alitokaje? Halafu usikilize jibu lote, hata ukishaipenda hiyo ploti.