Muda wa Sala Hutoka kwa Nani?

Mwulize Mkristo kwa nini hasomi Biblia kila siku, jibu liko mdomoni: sina muda. Wahubiri nao wana lao tayari: mbona muda wa kuchati unao? Kanisa zima linacheka, mambo yanaishia hapo. Mimi jibu hilo huwa haliniingii vizuri. Linachukulia muda kama pesa ya mfukoni: kila mtu kapewa saa zake 24, shauri yake azitumieje. Hebu kamwambie hivyo mama anayeamka saa tisa usiku kupika vitumbua ili saa kumi na mbili awe kituoni, abiria wa kwanza wasimpite.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Biblia ya Kiprotestanti ina sura 1,189. Ukigawa kwa siku 365 unapata tatu na ushee. Mwaka 1842 mchungaji kijana wa Dundee kule Uskoti, Robert Murray M'Cheyne, aliwapangia waumini wake ratiba ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Ratiba hiyo inatumika mpaka leo. Kinachonifurahisha ni kwamba kabla ya kutaja faida zake alitaja hatari zake: mtu kusoma kwa mazoea tu, au kujiona mwema kwa sababu kamaliza sehemu ya siku, au kulemewa kama aliyetwikwa mzigo. Tuongeze tu kwamba M'Cheyne hakuwa na mke wala watoto. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 29.

Susanna Wesley, mama yao John na Charles, alikuwa na maisha ya aina nyingine kabisa. Alizaa watoto 19, na 10 ndio waliokua. Pale Epworth, Uingereza, katika nyumba ya mchungaji, ni yeye aliyewafundisha wanawe kusoma. Inasimuliwa kwamba akitaka kusali alijifunika aproni kichwani, na watoto wakajua kwamba sasa mama hasumbuliwi. Kisa hiki kinapendwa sana kwenye semina za akina mama: mnaona, hata yeye alipata muda! Mimi nikikisikia namfikiria mumewe, Samuel. Katika miaka ya ndoa hiyo alipata nafasi ya kuandika kitabu kizima cha Kilatini juu ya Ayubu. Mkewe alipata aproni.

Wanaohimiza kuamka alfajiri hupenda Marko sura ya kwanza, pale Yesu anapotoka bado ni giza kwenda mahali pa faragha kuomba. Kifungu kizuri, lakini anzia juu kidogo. Jana yake mama mkwe wa Simoni katoka tu kwenye homa, papo hapo anawahudumia wageni. Jioni mji wote umejaa mlangoni. Marko hatuambii ni nani aliosha vyombo usiku ule. Sisemi Yesu alikosea kwenda kusali, la hasha. Nasema kila anayeondoka mapema kwenda kuomba anaacha nyumba nyuma yake, na nyumba haijiendeshi.

Sasa baba anayesali saa nzima sebuleni huku mkewe anakimbizana na chai, sare na kiatu kimoja kisichoonekana, hiyo saa kaitoa wapi? Sadaka ni kutoa kilicho chako. Nina wasiwasi kwamba baadhi yetu ibada zetu za asubuhi tunazitoa kwa muda wa wengine, kisha tunasimama kanisani kushuhudia nidhamu yetu.

Kuna atakayesema: kwani mama hawezi kuomba huku anapika? Anaweza, na anaomba. Maombi mengi ya mitaani kwetu hufanyika mbele ya jiko. Lakini kusoma ni jambo jingine. Sura inataka macho, inataka mwanga, inataka kichwa ambacho hakisikilizi kama kitumbua kinaungua. Huwezi kumsoma Ayubu kwa kumchungulia. Ndiyo maana katika nyumba nyingi kuna anayesoma na kuna anayesimuliwa, na anayesimuliwa huzoea kuamini kwamba Maandiko yanasema kile tu ambacho msomaji wa nyumba amependa kukisema. Hapo suala si ratiba tena.

Nawafahamu mke na mume mmoja wa Mbagala waliogawana asubuhi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa baba ndiye anayewasha jiko, anapika uji, anavalisha watoto. Mama anakaa uani na Marko wake, nusu saa, sura moja au pungufu. Mara ya mwisho nilipowatembelea alikuwa amefika sura ya tano, kwa yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, na alikuwa na swali ambalo mumewe hakuwahi kulifikiria: huyu mama, miaka yote hiyo, nani alikuwa anampikia?