Mtaji wa Mchuuzi na Dhima Yetu

Ndugu zetu Waislamu,

Watu wa Madina walipomwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei, alikataa kwa kuchelea dhulma, lakini alikataza kuficha vyakula ili bei ipande. Basi soko letu ni huru, ila halina uhuru wa kudhulumu.

Mtazameni mwenye duka dogo kule bara, Plateau, karibu na Eldoret; hali yake ndiyo ya mchuuzi wa Mombasa. Soko li wazi kwake, lakini uhuru pasipo mtaji haujazi duka. Tarehe 30 Novemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua Hazina ya Hasla, kukopesha kuanzia shilingi 500 kwa ziada ya asilimia 8 kwa mwaka. Nia ya kumfikia mnyonge ni njema, twakiri. Lakini ziada iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba, ikiwa nyingi au kidogo.

Je, mcha Mungu akijizuia, aende wapi? Tangu 2008 Kenya ina mabenki yafuatayo sharia. Lakini mwenye haja ya shilingi 500 ni nadra kubisha hodi benki. Hapo lawama si ya serikali pekee, ni yetu wenye nafasi. Twamhubiria aache riba, na mikono tumeikunja! Tutoe karadha njema, au mtaji wa mudharaba: faida tugawane kwa mapatano, na hasara ya mtaji aibebe mwenye mali. Amfungiaye ndugu yake mlango wa haramu, na amfungulie wa halali.

Wabillahi tawfiq.