Kiingilio na Haya

Kaole, kusini mwa Bagamoyo, mna gofu la msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya matumbawe, na mikoko imetanda hadi baharini. Mgeni hulipa kiingilio, akapewa stakabadhi. Lakini penye kaburi la Sharifa huja watu kuomba dua na kuweka nadhiri. Je, stakabadhi ile yampa haki ya kumpiga picha aombaye?

Haimpi. Kiingilio ni bei ya kuyaona mawe, dua haiuzwi. Katika msitu wa Kaya Kinondo, pwani ya Kenya, mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia, akumbuke kwamba anaingia kwa watu. Kaole hakuna kaniki. Basi mgeni na ajivike haya.